Jiko Nililomjengea Mama Mkwe Bila Kumpima

Likasi, Jumapili ya pili baada ya Pasaka

Mama yangu mpenzi,

Kabla sijasema langu, nataka kujua lako: kile kikohozi cha masika kimekuacha, au bado mnagombana? Na ile dawa ya majani ya mama jirani, unainywa kweli au unaimwaga akigeuka? Sisi huku tuko wazima. Solange mke wangu anakusalimu sana, na mjukuu wako, huyu tuliyempa jina lako, ameota meno mawili na tayari ameniuma kidole. Nimemwambia ana hasira za bibi yake.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu hainitoshi. Kila nikikupigia unaniuliza kama nimekula, nakujibu ndiyo, halafu mtandao unakatika kabla hatujafika popote. Barua hii anakuletea mama mmoja wa parokia yetu anayekuja Kalemie kununua ndagala wa ziwani. Mwambie dada yangu Joséphine akusomee polepole, na akifika pale ninapojisema vibaya asiruke.

Nilikuambia kwamba mama mkwe wangu, Mama Veneranda, alianguka akavunjika nyonga. Mfupa umeunga, ila umeunga vibaya. Anatembea kwa fimbo, mwili wote umelalia kushoto, na kuinama hawezi. Sasa wanawake wa huku wanapika kama nyinyi huko: mbabula ya makaa iko chini, nje ya nyumba, mpishi amekaa kwenye kigoda, sufuria ameibana kwa miguu yake miwili, anasonga bukari ya unga wa mahindi. Mama Veneranda akikaa chini namna ile, hainuki tena mpaka apite mtu wa kumwinua.

Basi kaka mkubwa wa Solange, shemeji yangu Augustin, anayefanya kazi Kolwezi, akasema kwamba ikifika Pasaka atakuja na gari amchukue mama yake akaishi kwake. Si mtu mbaya Augustin, anampenda mama yake. Lakini Mama Veneranda yuko katika nyumba ile tangu alipoolewa. Marehemu mumewe, aliyekuwa mfanyakazi wa machimbo ya Kakontwe, ndiye aliyeipaka chokaa kila mwaka kwa mkono wake. Mama mwenyewe hakukataa kuondoka, na hilo ndilo lililotuumiza. Alimwambia Solange: «Nyumba yenye minye siwezi pika, ni nyumba ya nani? Acha tu anibebe.» Solange alilia siku tatu. Unamjua, yeye halii amekaa, analia huku anafanya kazi, anachambua mboga za lenga-lenga na machozi yanaingia humo humo.

Mimi nikasema: hilo mniachie. Unakijua kinywa changu.

Siku hizi hapa mtu akijenga nyumba anataka jiko kama aliloliona kwenye simu. Anakuja atelye, karakana yetu ya useremala, ananionyesha picha: makabati yamepangana toka ukuta hadi ukuta, meza ya kazi inang'aa, hakuna hata sufuria moja. Nawatengenezea. Nimepata jina kidogo kwa kazi hiyo. Wengi wao wanaendelea kupika nje, na lile la ndani linabaki la kuonyesha wageni, lakini mimi sikuwa najisumbua na hilo. Mtu ameagiza, nimempa, basi.

La Mama Veneranda nilitaka liwe zuri kuliko yote. Nilipata mbao za mulombwa, nyekundu, kavu kabisa. Mwashi alinijengea kichumba cha matofali cha kuwekea mbabula ndani, na bomba la kutoa moshi juu ya paa. Nikatengeneza visanduku vya kuvuta vyenye sakafu ya fito, ili vitunguu na mboga vipate hewa. Nikatengeneza pipa la unga linaloinama lenyewe mbele ukilivuta, mtu asiingize mkono hadi begani. Milango niliipiga vernis ya kung'arisha mara nne. Ukiipitishia mkono unaona haya kuutoa.

Kasoro moja: vipimo. Wewe mwenyewe ni mama mkwe, unajua. Mume wa Joséphine akija unapitia mlango wa nyuma. Na kwa akina Solange heshima hii ni kali zaidi. Mama buko, kama wanavyomwita mama mkwe huku, nawe kwake ni muko, humtazami usoni, humpi mkono, huli mbele yake, na jikoni akiwamo yeye wewe huingii. Miaka saba niko mkwe katika nyumba ile, namjua Mama Veneranda kwa sauti na kwa kishindo cha viatu. Uso wake naujua zaidi katika picha ya arusi yetu. Mtu kama huyo utamkaribia na metre mkononi umpime kiwiko?

Nikampima Solange. Watu wote husema ukimwona kwa nyuma utadhani ni mama yake. Nilimsimamisha mlangoni pa atelye, nikachukua urefu wake, kiwiko chake, mkono wake ulipofika juu, naye ananicheka. Akaniuliza: «Haiko vizuri tumuulize mama mwenyewe?» Nikamjibu kwamba kazi hii naifanya tangu kabla sijamjua. Joséphine, hapo usiruke.

Wiki niliyofunga jiko, Mama Veneranda alihamia kwa jirani ili tusikutane. Alipoona kazi alinitumia shukrani kupitia Solange: nzuri sana, marehemu angefurahi, Mungu aibariki mikono ile. Nilitembea mjini kichwa juu. Baada ya siku kumi na tano nikarudi kukaza bawaba moja, saa ambayo yeye huwa kanisani, nikakuta kila kitu kinang'aa kama nilivyokiacha. Hakuna tone la mafuta, hakuna chembe ya unga. Nikarudi atelye nikawaambia wenzangu: oneni mama yule anavyotunza kitu. Mama, mimi ni seremala wa majiko, nikaona jiko safi la wiki mbili nikafurahi.

Jumamosi yake Solange akaja atelye, mtoto mgongoni, hata hakusalimu.

«Weye unajua mama anapikia wapi?»

«Si mu cuisine yake.»

«Inje! Eko anapikia inje, fasi ile ile. Leo nimemukuta chini, makala imezimika, bukari imekauka mu sufuria, eko anangojea muntu apite amuinule. Alikaa pale tangu saa ngapi, hataki kusema.»

«Na juu ya nini haniambie?»

«Akuambie weye? Alinikataza! Alisema muko hakosolewe. Alisema nikifungua kinywa tu, minye na yeye tumemaliza.»

Nilikaa juu ya rundo la mbao. Solange akanieleza yote. Meza yangu ilikuwa imefika karibu na mabega ya mama yake. Solange anasimama wima, mama yake amepinda, tena kusimama kwenyewe hawezi zaidi ya dakika chache. Alihitaji kupika amekaa kitini, na mimi nilikuwa nimeziba mahali pote pa kuingiza magoti kwa ile milango yangu ya vernis mara nne. Alijaribu kusonga bukari siku moja tu. Sufuria ilizunguka, maji ya moto yakamwagika, Mungu akamwepusha. Toka siku hiyo alirudi nje, na kila jioni alipitisha kitambaa kwenye makabati yangu ili nisijue.

Niliona aibu, Mama. Si aibu ya fundi aliyekosea kipimo, hiyo nimeizoea. Niliona kwamba mama wa watu amekaa chini kwenye majivu hawezi kuinuka, ili mimi nisiumie.

Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu. Nikampa Solange metre yangu akampime mama yake. Akarudi mikono mitupu. Mama Veneranda alipoiona ile metre aliinua fimbo yake kabisa: «Minye nilishakufa? Metre ya kupimia masanduku ya bantu benye kufa, njo unaleta hapa unipime nayo?» Na sikuweza kumlaumu. Katika atelye yetu, jeneza haliishi. Leo unakata kabati, kesho wanakuja watu wamevaa vitenge vya kilio, na metre ni ile ile. Seremala akimnyooshea mtu metre toka kichwani hadi miguuni, kwa kawaida mtu huyo haulizi bei. Mimi mwenyewe, mwenzangu akinifanyia utani wa kunipima, namfukuza.

Kwa hiyo nikabaki hapo. Mkwe haruhusiwi kupima, na binti amekataliwa. Siku zikawa zinakwenda, na Mama Veneranda akaanza kukunja vitenge vyake katika sanduku la safari.

Jumatatu moja asubuhi nilikwenda kuangalia kama naweza angalau kukata miguu ya makabati kwa kukisia. Solange alikuwa sokoni na mtoto. Misa ya asubuhi ilikuwa haijaisha, nikajua nyumba ni tupu. Nikaingia jikoni, na nilichokiona kilinipandisha damu: kwenye milango yangu, juu ya mulombwa yangu, mistari ya makaa! Mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu, myeusi, imechorwa kwa nguvu. Nikasema watoto wa jirani hao, leo nitawashika masikio. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikatema mate, nikaanza na ule wa katikati. Nilikuwa nimeumaliza wote niliposikia mtu anakohoa nyuma ya pazia la chumba.

Hakuwa amekwenda kanisani. Niligeuka nikimbie, ndiyo adabu inavyodai. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, taratibu:

«Solange, ambia bwana yako aache kufuta.»

Nikatazama huku na huku. Solange yuko sokoni, namjua, hatoki huko kabla ya saa sita. Nikaelewa. Nikageukia ukuta, nikampa pazia mgongo, nikasema:

«Solange, ambia mama, hii mistari ni ya nini?»

«Solange, umuambie: ile ya chini ni fasi magoti yangu inafika kama nimekaa pa kiti. Ya katikati ni kiwiko. Ya juu ni fasi mukono yangu inafika bila kuumia. Nimejipima minye mwenyewe na makala. Makala haizike muntu.»

«Solange, ambia mama anisamehe. Ya katikati nimeshaifuta.»

Halafu, Mama, akacheka. Miaka saba sikuwahi kumsikia akicheka. Anacheka kama msichana, anajizuia halafu kicheko kinamponyoka. Nami nikacheka na ukuta wangu.

«Solange, muambie atoke inje kidogo. Nitaiandika tena.»

Nikatoka, nikasimama uani nimetazama barabara. Nikasikia fimbo, nikasikia kiti kinavutwa. Kisha: «Solange, anaweza kurudia.» Mstari wa katikati ulikuwa umerudi, mnene kuliko wenzake, na kando yake ameongeza duara kubwa. Nikamuuliza Solange duara ni la nini.

«Njo sufuria yangu ya bukari. Zamani nilikuwa naishika na miguu. Sasa miguu inakataa. Nani ataishika?»

Mama, tulizungumza karibu asubuhi nzima, mimi na ukuta, yeye na pazia, na Solange asiyekuwepo katikati. Aliniambia mambo ambayo katika miaka yote ya kutengeneza majiko hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Kwamba akisonga, nguvu inatoka mgongoni na siyo mkononi, kwa hiyo sufuria lazima iwe chini ya kiwiko. Kwamba mwiko haupaswi kulala kwenye kabati, usimame karibu na mkono wa kulia. Kwamba toka kwenye maji hadi kwenye moto hana mkono wa kubeba, maana mmoja umeshika fimbo. Kila neno alilipitishia kwa Solange, na mimi kila jibu nililipitishia huko huko. Saa sita Solange halisi akaingia na kikapu, akatukuta. Akasimama mlangoni: «Munasemesha nani?» Nikampita nikatoka kama mwizi.

Nilikata. Ile meza ya mulombwa niliishusha zaidi ya shibiri moja, na milango minne ya vernis niliing'oa ili magoti yaingie. Mwenzangu wa atelye alisema ninaharibu mali. Nilimwacha aseme. Kwa ile sufuria nilitoboa meza, shimo la duara kama lilivyochorwa, nikalizungushia bati. Maji yakishachemka, sufuria inateleza juu ya vigae toka kwenye moto hadi kwenye shimo, inazama humo hadi mabegani, na vipande viwili vya mti vinabana masikio yake. Hata usonge kwa hasira, haizunguki. Toka kwenye maji hadi kwenye moto niliweka mwamba wa mti wa kuegemea nyonga, laini, ili fimbo ibaki mlangoni na mikono ibebe. Mistari ya makaa sikuifuta. Nimeipitishia vernis juu, iko pale.

Augustin alifika Jumamosi Kuu na gari lake. Sanduku la mama lilikuwa mlangoni, limefungwa. Jumapili baada ya misa Mama Veneranda aliingia jikoni, akakataa msaada, hata wa Solange. Sisi wanaume tulikaa barazani, mimi nimegeukia uani kama inavyopasa. Tulisikia mwiko. Solange alikuwa amesimama katikati ya nyumba na mikono kifuani. Kisha vikaja vyakula: sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwa Tshangalele, na bukari ambayo ukiigusa inarudi. Augustin alikula, akaongeza. Alipomaliza aliinuka, akaenda mlangoni pa jiko akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameshaanza sufuria ya pili kwa ajili ya majirani.

«Mama,» akasema, «njo tunaenda kesho asubuhi?»

«Kwenda wapi?» akajibu bila kugeuka. «Hii bukari nani atasonga?»

Augustin akarudi, akalibeba sanduku. Solange akafumba macho. Lakini hakulipeleka garini, Mama. Alilirudisha chumbani.

Hizo ndizo habari zangu. Sasa salamu, nisije nikazisahau. Msalimie mume wa Joséphine, umwambie namuonea huruma kwa kuwa mkwe wako. Msalimie mjomba fundi wa baiskeli, na shangazi anayeimba kwaya, mwambie bado naikumbuka sauti yake na bado inaniamsha mapema. Wajukuu wote uwabusu, na yule aliyerudia darasa umwambie mjomba wake alirudia pia.

Na sasa neno langu kwako, ndilo hasa lililonifanya niandike. Joséphine ameniambia kwamba siku hizi unapika umeegemea ukuta, na ukimaliza unakaa muda mrefu bila kula. Hukuniambia. Ulikuwa unaniuliza kama mimi nimekula. Basi niko hapa najua kiwiko cha mama wa mke wangu kiko wapi, magoti yake yanafika wapi, mkono wake unaishia wapi. Vyako sivijui, mimi niliyebebwa na mkono huo.

Kiangazi hiki nakuja na mbao, nikujengee jiko. Najua ukisikia nataka kukupima moyo wako utashtuka. Katika nyumba yetu nimempima mtu mmoja tu, naye ni baba, na siku ile wewe ndiye uliyenishikia ncha nyingine ya metre. Metre hiyo nitaiacha Likasi. Na usimruhusu Joséphine akupime kwa kamba, wala usijichoree ukutani. Ningoje. Wewe si mkwe wangu, Mama, hakuna pazia kati yetu. Utakaa kwenye kiti, utasonga, utanigombeza kwamba nakuzuia njia, na mimi nitakushika kiwiko kwa mkono wangu mwenyewe, nijue kiko wapi, ungali hai.

Ni mimi mwanao,
Placide